Farasi wasio na kazi siku za sikukuu za baridi: tazama tumbo kwanza

Swali la msomaji: "Nimebaki peke yangu kwenye ranchi yenye farasi 14 kwa majuma mawili ya sikukuu za mwisho wa mwaka. Wenzangu wote wamekwenda likizo. Hakuna anayepanda, theluji imefunika malisho na usiku maji yanaganda mabirikani. Farasi wamesimama tu nje, nami nawahurumia. Je, niwaingize bandani na kuwafunika blanketi? Kwa kuwa hawafanyi kazi, niwapunguzie chakula? Niwatembeze kila siku au niwaache wapumzike? Nikishawalisha asubuhi nabaki sina la kufanya, na ukimya huu unanitia wasiwasi kwamba kuna kitu nimesahau."

Jibu:

Ndugu msomaji, huruma yako ni njema, ila umeielekeza kwenye ngozi ya farasi, wakati hatari ya siku hizi iko tumboni mwake. Farasi mwenye afya, aliyeota manyoya yake ya baridi na mwenye nyama mwilini, huimudu baridi kavu kuliko tunavyodhani sisi tunaomtazama tukiwa tumejikunyata ndani ya makoti. Kinachomwangusha majira haya mara nyingi ni mambo madogo yanayokutana: amekunywa maji machache, amekula nyasi kavu tupu, mwendo umepungua, na hapakuwa na mtu wa kumwona siku alipoanza kuacha chakula. Kwa hiyo nitaanza na maji, nije kwenye chakula, kisha ndipo nifike kwenye blanketi na banda ulivyovitanguliza wewe.

Farasi wa kilo 500 hunywa takriban lita 25 hadi 45 kwa siku. Anapokuwa kwenye malisho mabichi, sehemu kubwa ya maji huyapata ndani ya majani, kwa sababu nyasi mbichi ni maji kwa asilimia 70 hadi 80. Nyasi kavu za robota zina asilimia 10 hadi 15 tu. Hapo ndipo mtego ulipo: majira anayohitaji kunywa zaidi ndiyo majira ambayo maji ya birikani yanauma meno, naye akigusa mara mbili anaondoka. Siku mbili tatu za hivyo zinatosha kukausha kinyesi kikakwama, hasa pale utumbo mpana unapojikunja na kuwa mwembamba. Hiyo ndiyo koliki ya kuziba, yaani maumivu makali ya tumbo yanayoletwa na kinyesi kilichokwama, na ndiyo ninayokutaka uiogope kuliko kipimajoto.

Usiitegemee theluji. Utawaona wakiilamba, na hakuna ubaya, lakini ndoo kumi za theluji nyepesi zikiyeyuka hutoa takriban ndoo moja ya maji. Farasi anayekula nyasi kavu hawezi kujaza pengo hilo kwa kulamba.

Kinachosaidia ni kuyapunguza makali maji yenyewe. Katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, miaka ya 1990, watafiti waliwapa poni, yaani farasi wa umbo dogo, maji yaliyopashwa moto badala ya maji yaliyokaribia kuganda, wakanywa zaidi kwa karibu asilimia 40. Jambo linalonivutia katika utafiti huo ni hili: poni walipowekewa aina zote mbili kwa pamoja, waliyaendea yale ya baridi. Kwa hiyo usiwape nafasi ya kuchagua. Lenga maji ya nyuzi 7 hadi 18 za Selsiasi, na uyatoe wakati ule unaotawanya nyasi, maana farasi hunywa zaidi anapokula au muda mfupi baada ya kula. Ikiwa huna birika lenye kipasha maji, mwaga ndoo ya maji moto birikani asubuhi na jioni, baada ya kuvunja barafu na kuopoa vipande vyake. Vipande vikiachwa vinaelea, maji yatarudi kuwa ya barafu kabla hujafika mlangoni.

Ikiwa birika lina kipasha maji cha umeme, litazame kwa jicho la tahadhari. Ukiliona limejaa, halina barafu, na farasi wanalikaribia kisha wanarudi nyuma, dhani kwanza kwamba kuna umeme unaovuja. Chomoa, wape maji kwa ndoo, na umwite fundi. Farasi huhisi mshtuko mdogo sana, na akishaupata mara moja anaweza kukaa na kiu mbele ya maji safi.

Chumvi nayo ni sehemu ya maji. Gramu 30 hadi 60 za chumvi ya kawaida kwa siku humsukuma farasi kunywa. Jiwe la kulamba ni zuri, lakini kwenye baridi kali wengi hawapendi kuweka ulimi juu ya jiwe lililoganda, hivyo ni afadhali uwanyunyizie chumvi ya unga kwenye chakula, mradi maji yapo tele.

Sasa chakula. Umeuliza kama upunguze. Jibu ni kupunguza kimoja na kuongeza kingine, na ukikosea kipi ni kipi utawaumiza.

Nyasi kavu usizipunguze hata kidogo. Utumbo mpana wa farasi, wenye nafasi ya lita 100 na zaidi, ni jiko linalowaka usiku na mchana: vijidudu waliomo huchachusha nyuzi za majani, na uchachushaji huo hutoa joto linalompasha mwili kutoka ndani. Kila anapotafuna nyasi anatia kuni. Kwa kawaida farasi huhitaji nyasi zenye uzito wa asilimia 1.5 hadi 2 ya uzito wake kwa siku, yaani kilo 7.5 hadi 10 kwa yule wa kilo 500. Aliyezoea baridi na mwenye manyoya mazito huanza kutumia nguvu za ziada kujipasha pale joto la hewa linaposhuka chini ya nyuzi 8 hivi chini ya sifuri, na wengine waliozoea zaidi hufika hata 15 chini ya sifuri kabla ya kuhitaji nyongeza. Kuanzia hapo, kila nyuzi moja inayoshuka huongeza mahitaji yake kwa takriban asilimia 2.5. Chukua farasi anayekula kilo 9. Usiku ukiingia na nyuzi 16 chini ya sifuri, atahitaji karibu kilo 2 zaidi. Mpe nyongeza hiyo jioni, maana saa za baridi kali zaidi ni za kuelekea alfajiri.

Tena usiwaache muda mrefu bila kitu cha kutafuna. Tumbo la farasi ni dogo kwa mwili wake na hutoa asidi wakati wote, awe anakula au hali. Likikaa tupu zaidi ya saa sita hivi, asidi huanza kuliunguza. Porini angekula saa 14 hadi 18 kwa siku. Wewe peke yako huwezi kulisha kila saa, lakini unaweza kugawa nyasi mara tatu au nne, na ya mwisho ikawa nono, kabla hujalala.

Cha kupunguza ni nafaka. Farasi aliyekuwa akipewa nafaka kwa ajili ya kazi, akisimama siku kadhaa huku akiendelea kupewa kipimo kilekile, hujaza misuli nguvu asizozitumia. Siku atakayorudi kazini, misuli inaweza kukakamaa akiwa njiani: anatokwa jasho, hatua zinakuwa fupi, anakataa kwenda, na mkojo unatoka wa rangi ya kahawa. Enzi za farasi wa mizigo, walipumzika Jumapili wakiwa na hori zilizojaa, na maradhi yakawapata Jumatatu asubuhi, ndiyo maana mpaka leo yanaitwa ugonjwa wa Jumatatu. Sikukuu zako ni Jumapili ya majuma mawili. Wape nusu ya nafaka, au waondolee kabisa wale walionona, lakini shusha kipimo polepole, kidogo kidogo kwa siku kadhaa. Waliokonda, wazee wenye meno mabovu na majike wenye mimba kubwa usiwaguse katika hili. Hao waendelee na utaratibu alioacha mwenye ranchi.

Nijumlishe hapa na desturi moja inayokuja na sikukuu, ile ya kuwapikia farasi uji moto wa pumba kama zawadi. Nafahamu upendo ulio nyuma yake. Lakini vijidudu wa tumboni huhitaji siku kadhaa kuzoea chakula kipya, na bakuli kubwa la ghafla linaweza kuleta koliki ile ile unayodhani unaizuia. Ukitaka kuwapa kitu cha moto, chukua chakula kile walichokizoea, kiloweke kwa maji ya vuguvugu, uwape. Maji yamewaingia na tumbo halijashtuka. Karoti nazo zikate vipande virefu, kwa sababu vipande vya mviringo huweza kuziba koo.

Tuje kwenye blanketi. Farasi huanza kuota manyoya ya baridi siku zinapofupika, kabla hata baridi haijafika, na kufikia sasa koti lake limekamilika. Manyoya husimama, yakashika hewa katikati, na hewa hiyo ndiyo inayomkinga. Theluji ikikaa mgongoni bila kuyeyuka ni dalili njema: joto halivuji. Ukimwekea blanketi jepesi unayalaza manyoya, na unaweza kumwacha na baridi zaidi kuliko alivyokuwa. Kinachoiangusha kinga hiyo ni maji na upepo. Mvua ya baridi inayofika mpaka kwenye ngozi, ikifuatwa na upepo, humtesa farasi hata kabla maji hayajaanza kuganda, kuliko usiku mkavu wa nyuzi 15 chini ya sifuri. Kwa hiyo wanachohitaji ni mahali pa kujikinga, kibanda chenye kuta tatu, au hata ukuta na mstari wa miti, na kiwe kikubwa kiasi kwamba mnyonge wa kundi hafukuzwi. Blanketi mpe aliyenyolewa, mzee, mgonjwa, aliyekonda au aliyelowa akatetemeka. Ukishamfunika, livue kila siku umkague chini yake, mabega na mgongo, kwa sababu chini ya blanketi farasi anaweza kukonda au kuchubuka na usijue.

Manyoya pia hudanganya macho. Vua glovu, pitisha vidole kwenye mbavu kila juma. Kipimo kinachotumika sana ni kile cha Don Henneke cha mwaka 1983, kutoka 1 hadi 9. Unataka wawe kwenye 5 au 6, yaani mbavu huzioni ila ukipapasa unazigusa bila kubonyeza sana. Andika namba ya kila mmoja.

Kuhusu kuwaingiza bandani: kama wamezoea kuishi nje, waache nje. Banda lililofungwa kila tundu kwa kuogopa baridi hujaza amonia ya mkojo na vumbi la nyasi, na mapafu ya farasi hayavumilii hayo. Ukichuchumaa kwenye usawa wa matandiko na macho yakawasha, hewa hiyo ndiyo anayoivuta aliyelala. Waliolazimika kukaa ndani wafungulie madirisha ya juu. Wala usiweke jiko la kupashia joto au waya wa kuunganisha karibu na nyasi kavu. Moto wa bandani hauachi muda wa kuokoa mtu wala mnyama.

Hakuna haja ya kuwatembeza mmoja mmoja ikiwa wana uwanja wa kutosha. Mapumziko ya majuma mawili hayamdhuru farasi. Kano na misuli yake hupata nafasi. Kinachomdhuru ni kusimama mahali pamoja, kwa sababu mwendo ndio unaosukuma chakula utumboni na damu miguuni. Wafanye watembee wenyewe. Weka nyasi mbali na maji. Zitawanye marundo mengi kuliko idadi ya farasi, 16 au 17 kwa 14 wako, yakiwa yameachana vya kutosha ili mbabe asilinde mawili kwa pamoja. Utaona wakihama rundo hadi rundo asubuhi nzima. Waliomo bandani, hao watoe kila siku, hata kama ni saa chache, na ukiwaona miguu imevimba sawasawa kwa chini ikapungua baada ya kutembea, jua kwamba kusimama kumezidi.

Kwenye njia za barafu mwaga mchanga au kokoto ndogo. Kwato zichokonoe kila siku, maana theluji hushikana ndani yake ikawa donge gumu, na farasi akitembea juu ya donge hilo anaweza kuteguka. Kwato hukua polepole zaidi majira haya, lakini fundi wa kwato bado anatakiwa. Angalia aliandika kurudi lini.

Sasa ule muda unaouona hauna kazi. Hapa ndipo nataka unisikilize sana, kwa sababu nadhani umepewa kitu ambacho watu wa ranchi hawakipati mwaka mzima. Siku za kawaida farasi hutazamwa huku akitandikwa, akiharakishwa, akipakiwa. Wewe una saa za kumtazama akiwa hana jambo. Chukua kiti, vaa vizuri, kaa pembeni ya uwanja baada ya kulisha, usifanye lolote. Nani anakula wa mwisho? Nani anatafuna kisha anaangusha tonge lililosokotwa? Huyo meno yake yanahitaji daktari. Nani husimama kando akiwa ameelekeza kichwa ukutani? Wakilala, nani halali? Farasi husinzia akiwa wima, lakini usingizi mzito huupata akiwa amelala chini tu, kama nusu saa hadi saa moja kwa siku, na hulala hivyo akiwa na imani kwamba mwenzake amesimama akilinda. Asiyelala siku nyingi ana maumivu au ana hofu, na vyote viwili vinatafutiwa dawa.

Tumia siku hizi pia kujifunza vipimo vya kila mmoja akiwa mzima. Moyo wa farasi aliyetulia hupiga mara 28 hadi 44 kwa dakika. Utauhisi chini ya taya kwa ndani. Pumzi ni 8 hadi 16. Joto la mwili ni kati ya nyuzi 37.5 na 38.5. Bonyeza ufizi, rangi irudi ndani ya sekunde mbili. Weka sikio ubavuni, nyuma ya mbavu, kulia na kushoto: tumbo lenye afya lina ngurumo na mchururiko, na ukimya wa tumbo ni habari mbaya. Hesabu kinyesi. Farasi hunya mara 8 hadi 12 kwa siku. Vikiwa vichache, vidogo, vigumu, vimefunikwa ute, ongeza maji leo, usingoje kesho. Ukiwa na namba hizi zimeandikwa, siku atakapogeuka kutazama ubavu wake, akapiga tumbo kwa mguu, akajinyoosha kama anayetaka kukojoa au akalala na kuinuka tena na tena, hutakuwa unakisia. Mwondolee chakula, mpigie daktari wa mifugo, mweleze mapigo ni mangapi. Mapigo yakipita 60 akiwa amesimama tu, hiyo ni dharura. Usimpe dawa ya maumivu kabla ya kuongea na daktari, kwani huficha dalili anazozihitaji.

Mpigie daktari huyo leo, wakati hakuna shida, umuulize nani anashika zamu siku za sikukuu. Namba iandike ukutani kwa herufi kubwa. Na kwa kuwa uko peke yako, pawe na mtu mmoja ambaye utamjulisha asubuhi na jioni kwamba uko salama. Farasi akikuangusha kwenye barafu, simu iliyobaki jikoni haikusaidii.

Sikukuu huleta wageni na mapambo. Wageni waombe wasilishe chochote kupita ua. Mashada ya majani mabichi yasitundikwe karibu na farasi, na yakikauka yasitupwe malishoni, hasa yale ya mti wa taksusi, wenye majani membamba ya kijani kibichi na matunda mekundu. Kiasi kidogo cha majani yake, mabichi au makavu, husimamisha moyo wa farasi, mara nyingi bila dalili ya kutangulia. Fataki zikitarajiwa, kagua ua mchana, waache mahali walipopazoea pamoja na wenzao, wape nyasi nyingi, usimfunge yeyote kwa kamba, na usiingie ndani ya banda na farasi aliyepagawa.

Wenzako watakaporudi watataka kupanda siku hiyohiyo. Wape daftari lako kwanza. Nafaka irudishwe kwa kufuata kazi, siyo kuitangulia. Siku za mwanzo ziwe za kutembea tu, nusu saa hivi, na lijamu lipashwe viganjani kabla ya kumtia mdomoni. Mbio zingoje juma la pili. Akirudi ametota jasho chini ya manyoya yale mazito, mkaushe mpaka kwenye ngozi kabla ya kumtoa nje tena.